Bado Inafikiri

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu zako, mgongo umekuachia, na baridi ya huko haijakung'ang'ania kifuani kama mwaka jana. Sisi huku siku zinakwenda. Mimi ni mzima wa mwili, kazi ya kusaga vioo vya miwani inaendelea, na macho ya watu hayaishi kuharibika kwa hiyo sikosi shughuli. Baba bado yuko kitandani, chumba cha mbele. Hali yake nitakueleza mbele kidogo, maana nikianza nayo sitayafikia mengine.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umesema umeshapata mashine nyingine yenye prosesa ya viini kumi na sita, umeijaribu mwenyewe kwa ile programu ya sataranji, ukaona inapekua mamilioni ya hatua kabla mtu hajapepesa macho, na sasa unatafuta msafiri wa kuniletea. Kaka, nakuomba usiitume. Kama umeshampa mtu, mfuate uichukue. Najua utauliza kwa nini, na hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu, mimi ambaye nimezoea kukutumia ujumbe wa mistari miwili. Simu isingefaa. Kuta za nyumba hii unazijua, mtu akikohoa jikoni anaambiwa pole sebuleni, na masikio ya Baba hayajazeeka hata kidogo.

Kwanza nikuambie kwamba kile kimeza cha miguu mitatu kilikuwa pale pale, kati ya dirisha na kitanda chake, ubao wa sataranji juu yake na kete zimesimama kama ulivyoziacha ulipoondoka. Marehemu Mama alizipangusa kila Jumamosi kwa ile brashi ndogo ya rangi, moja moja, akiinyanyua na kuirudisha mahali pake huku ameshikilia pumzi. Mama alipofariki Baba alizipangusa mwenyewe, na alipoanguka yeye kazi ikawa yangu. Miaka thelathini na moja tumeishi na meza ambayo huwezi hata kuwekea kikombe. Unakumbuka nilivyokatazwa kukimbia chumba hicho cha mbele, na jinsi ulivyonipa jina la Kidole kwa sababu nilikuwa sipiti karibu na kitu bila kukigusa. Wageni walidhani ni pambo. Wengine walimsifu Baba kwa kupenda vitu vya mbao.

Yaliyotokea unayajua kuliko mimi, lakini niache niyapange, maana nataka tuwe na kisa kimoja mimi na wewe. Baba alikuwa mchoraji ramani wa idara ya maji, na Daktari wa Meno alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Kila Jumapili walikuwa wakicheza, wakitukanana kwa furaha. Wakakutana fainali ya mashindano ya maofisini, ukumbi umejaa, na Baba akaona hana njia, akamlaza mfalme wake, yaani akakubali kushindwa. Akaichana karatasi yake ya mchezo pale pale kwa hasira. Alipofika nyumbani akazipanga kete kama zilivyokuwa dakika ile, akakaa mbele yake kila jioni kwa siku nne bila kusema neno la maana. Siku ya tano akapiga ukelele hadi Mama akadondosha sufuria. Alikuwa ameiona njia. Kama angemtoa farasi wake aliwe, askari wake wa pembeni, ile kete ndogo kuliko zote, angekimbia hatua mbili tu zilizobaki mpaka mwisho wa ubao akageuka malkia, na Daktari asingeweza kumkamata. Alikuwa ameshinda, akajilaza mwenyewe.

Akamwita Daktari aje aone. Nawe ulikuwepo. Daktari aliinama juu ya meza, akatazama, akasema askari yule hakuwa pale, alikuwa hatua moja nyuma, amebakiza tatu na siyo mbili, na kwa tatu angechelewa. Akatoa karatasi yake aliyoandika kila hatua ya mchezo. Baba akajibu kwamba meza hii haiguswi na mtu, na kwamba mtu hawezi kujiandikia karatasi kisha akaifanya shahidi wake. Mmoja akamwita mwenzake mwongo mbele ya Mama. Daktari akasema binti yake haingii nyumba ya watu wanaosogeza kete. Baba akasema na mtoto wake hatakanyaga nyumba ya mwongo. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, na siku ya ndoa yenu ilikuwa imeshatajwa. Miezi saba baadaye ulikuwa umekwenda zako. Hujaoa mpaka leo, na tukikuuliza unatania kwamba umeoa kompyuta.

Basi mwaka huu, mapafu ya Baba yalipochoka na daktari wa hospitali akatuambia tusihesabu kwa miaka, yeye hakuomba kitu kingine. Alitaka kujua tu. Alisema anataka kuondoka akiwa ameambiwa na mtu asiyemjua yeye wala Daktari kama askari wake angefika. Wewe ndiye uliyesema mashine zinajua mambo hayo, ukatuma pesa ya kununulia laptopu, pamoja na kurasa tatu za maelekezo. Kaka, kurasa tatu! Utadhani tunarusha chombo angani. Uliandika prosesa isipungue viini vinane, na ukaeleza kwamba viini ni kama vichwa vingi ndani ya prosesa moja, kila kimoja kinachunguza njia yake. Uliandika nisihangaike na kadi za picha za watu wa michezo ya risasi, kwa kuwa sataranji haizihitaji. Nisichukue prosesa za laptopu nyembamba zilizotengenezwa kubana umeme, kwani zikipata moto zinajipunguza kasi. Niangalie kumbukumbu isiwe ndogo, na feni iwe nzuri.

Nilizipeleka kurasa zako kwa fundi wa kompyuta aliye nyuma ya kituo cha mafuta, mtu mmoja mpole mwenye miwani ambayo vioo vyake niliwahi kuvisaga mimi. Duka lake ni chumba kimoja, mashine zilizotumika zimepangwa kwa wima rafuni, na mezani pana kikaango cha zamani alichojazia skrubu. Akazisoma zote. Akanitajia laptopu mbili zilizofaa kabisa siku ile ile. Mimi nikamwambia nitarudi. Nikakuandikia kukuuliza kati ya viini vinane vyenye kasi na viini kumi visivyolingana, vipi ni bora. Ukajibu kwa furaha, kurasa mbili. Nikauliza kuhusu joto, ukajibu. Nikauliza kama prosesa ya mwaka juzi yenye kasi inaizidi ya mwaka huu yenye viini vingi, na wewe, ambaye nilijua huwezi kuliacha swali la namna hiyo lipite hivi hivi, ukanichorea jedwali. Hivyo tukamaliza miezi mitatu na nusu, wewe ukidhani dada yako hatimaye ameipenda kompyuta.

Fundi hakudhani hivyo. Mara ya tano au ya sita nilipomjia akavua miwani, akaniuliza kwa upole kama kuna jambo jingine linalonisumbua. Alisema kama shida yangu ni kupima mpangilio mmoja wa kete, basi hata simu niliyoishika mkononi inatosha, kwamba programu za siku hizi kwenye simu hiyo hiyo zinamshinda binadamu yeyote, na kwamba prosesa kubwa ni kwa watu wanaochambua michezo usiku na mchana kama kazi. Dada, akasema, wewe hununui mashine, wewe unaikwepa. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikanyoosha kidole rafuni nikachukua iliyokuwa karibu, laptopu nzito, kuukuu, prosesa ya viini viwili, betri imekufa kabisa kwa hiyo haiwaki bila waya wa umeme. Akaniambia feni yake ina kelele. Nikasema hiyo hiyo. Sikukueleza ni ipi niliyonunua, nawe hukuuliza, uliniamini.

Nisikufiche kwamba moyoni nilitumaini itakuwa dhaifu sana, itashindwa, na mimi niseme tumejaribu. Nikaiweka kwenye stuli kando ya meza, Baba akitazama, nikapanga kete kwenye kioo kama zilivyo ubaoni, moja moja, nikabonyeza. Kwa sekunde nne ikajibu. Kwa mpangilio uliokuwa juu ya meza, Baba alikuwa ameshinda. Njia yake ilikuwa ile ile, farasi aliwe, askari akimbie. Baba akiwa kitandani haoni maandishi madogo kama yale. Akaniuliza imesemaje. Nikamwambia bado inafikiri.

Utashangaa. Mzee amesubiri jibu hilo miaka thelathini na moja, jibu limekuja kama alivyolitaka, na mimi nimeufumba mdomo. Vumilia kidogo, nitafika. Tambua tu kwamba hata wewe nilikuandikia maneno hayo hayo, mara mbili, na ndiyo maana umekimbilia kutafuta viini kumi na sita. Maneno yenyewe hayakuwa uongo mtupu. Fundi aliniambia programu ya aina hii haina mahali inaposema nimemaliza. Usipoizima inaendelea kuchimba, hatua ishirini, thelathini, arobaini, na prosesa ile maskini, viini vyake viwili, ikawa inachemka kutwa, na feni inavuma chumba kizima.

Na hapo lilitokea jambo ambalo sikulitarajia. Baba aliipenda ile kelele. Asubuhi, kabla hajaniitikia salamu, anasikiliza kwanza. Akisikia feni anatabasamu. Aliniambia kwamba kama mashine inapata taabu kiasi hicho, basi yeye kushindwa kuiona njia pale ukumbini siyo ujinga. Nesi anayekuja kumbadilishia mtungi wa hewa aliambiwa azungumze polepole, mashine inafikiri. Siku moja Baba alicheka peke yake, nikamuuliza kuna nini, akasema viini viwili, mimi nilikuwa na kimoja tu na kinauma. Akaanza kula tena. Akaomba anyolewe ndevu. Kwa wiki tano nilimtazama mtu akiishi kwa kelele ya feni, na nikasema moyoni kwamba naweza kwenda hivyo mpaka mwisho, kila asubuhi bado inafikiri, na hakuna atakayeumia. Sasa unaona kwa nini sikuitaka mashine yako. Uliandika kwa fahari kwamba haitoi sauti hata ukitega sikio.

Juzi Jumanne, saa nne asubuhi, umeme ulikatika mtaa mzima. Feni ikanyamaza. Nilikuwa nampangusa miguu, nikahisi mguu wake umekaza. Akauliza kama imemaliza. Ningeweza kusema ni umeme. Lakini nilikuwa nimechoka, Kaka, nimechoka uchovu ambao kulala hakuuondoi, na nikasema ndiyo, imemaliza. Nikasubiri aniulize imesemaje. Akainua mkono kunizuia. Akasema nisimwambie. Hataki kusikia kabla ya mwenzake, itakuwa kama kumtangulia, na mchezo ulikuwa wa watu wawili. Akaniagiza nikamwite Daktari.

Nilikwenda kwa miguu. Bado anaishi juu ya ile kliniki yake, ingawa chini sasa wanauza mapazia. Amekula chumvi nyingi na amekuwa mdogo, mabega yamemshuka, ila mikono bado ni safi kama ya mtu anayetoka kazini. Nilimwambia mimi ni nani. Nilimweleza hali ya Baba na ombi lake, basi, sikuongeza. Akaniuliza kama ni askari yule yule. Nikasema yule yule. Akaingia ndani, akatoka na koti, na mfukoni mwa koti niliona ncha ya karatasi ya zamani iliyokunjwa mara nne.

Umeme ulikuwa umerudi. Nilimkalisha kwenye kiti cha Mama. Hawakusalimiana kwa mikono, mikono ya Baba ilikuwa na mipira ya dripu, lakini Baba alisema karibu, na Daktari akasema asante, na kwa watu wale wawili hiyo ilikuwa hotuba. Baba akaniambia niifanye mashine iseme mbele yao. Nikaiwasha, nikapanga upya kutoka mezani, nikabonyeza, feni ikavuma, nikawasomea. Nyeupe anashinda. Nyeupe alikuwa Baba.

Daktari hakuitazama laptopu. Aliitazama meza. Aliinama kama alivyoinama siku ile, akamtazama yule askari wa pembeni. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukaigusa karatasi. Kisha akamtazama Baba, kifua kile kilichobaki mbavu, mdomo umefunguka kwa kusubiri. Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Akasema mashine imesema kweli na yeye alikosea. Baba, mkaidi mpaka pumzi ya mwisho, hakuridhika. Akamuuliza, na askari alikuwa pale? Daktari akajibu kwamba alikuwa pale. Akamvika mgonjwa kilemba cha ukoka, huku uso wake hauna hata dalili ya tabasamu. Baba akafumba macho, machozi yakaingia masikioni, akasema basi. Alisema neno hilo tu. Baadaye akaniambia nizirudishe kete kwenye sanduku lake.

Kaka, nilizirudisha, na nilipomshika yule askari nikamdondosha. Ni mara ya pili. Ya kwanza nilikuwa na miaka tisa.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya mashindano, mchana, Mama yuko uani na Baba yuko kazini. Nilimtaka farasi. Nilikuwa nikimtamani kile kichwa chake siku zote, na nikaona nimshike tu nimrudishe. Mkono wa gauni la shule ukamgonga askari wa pembeni, akaanguka, akabingirika mpaka chini ya kiti. Nilimwokota. Nilijua alikuwa kwenye mstari ule wa ukingoni. Mraba upi wa mstari huo, sikujua. Nikakisia. Nikamweka hatua moja mbele ya alipokuwa, nikaenda kucheza. Ile njia aliyoiona Baba siku ya tano, ile iliyomfanya apige ukelele, mimi ndiye niliyeitengeneza kwa mkono wangu. Nimemjaribu askari mahali pake pa kweli kwenye mashine ile, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuhesabia. Daktari anashinda. Baba alifanya sawasawa kumlaza mfalme.

Ningekuwa nimekosa kwa mkono tu ningejisamehe, mtoto ni mtoto. Lakini unakumbuka Daktari alipoondoka, Baba alituita wote wawili, akatusimamisha ukutani, akauliza nani aligusa meza. Wewe ulisema hukugusa, na ulisema kweli. Nami nikasema sikugusa. Nilisema nikimtazama machoni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango muda wote wa ugomvi, nilimsikia Daktari akisema hatua moja nyuma, nilimsikia akimtaja binti yake, na nilielewa, Kaka, nilielewa vizuri kabisa. Usiku ule ulilia, ukadhani nimelala. Niliogopa kipigo. Kisha nikaogopa kwamba nimechelewa kusema. Kisha ukaondoka, na baada ya hapo nikaogopa wewe. Ule mwezi uliponituma kuchagua prosesa, nilijua siku ambayo mashine itaingia ndani ya nyumba hii, ama itamwambia Baba uongo kwa sababu yangu, ama itanisema mimi. Ndiyo maana nilikuuliza habari za joto na viini visivyolingana. Nilikuwa nakuchezea, na wewe ulikuwa na furaha ya kusaidia.

Nilimsindikiza Daktari hadi ngazini. Kabla sijafungua mdomo, alisema mtu aliyesogeza kete mwenyewe haulizi swali lile la Baba, kisha akaniuliza ni mtoto yupi aliyegusa meza. Nikasema mimi. Akauliza nilikuwa na umri gani, nikamwambia. Hakunifokea, na ningependa angefoka. Alisema miaka yote hii aliamini Baba alimsogeza askari kwa mkono wake mwenyewe, ili apate cha kujitetea, na kwamba alimfundisha binti yake kuamini hivyo, hata binti akaolewa kwingine akiwa anashukuru ameepushwa na watu wadanganyifu. Alisema maneno aliyoyatoa mle ndani aliyatoa kwa ajili ya mgonjwa, nisije nikadhani ni msamaha wangu. Binti yake atamwambia mwenyewe wiki hii. Wewe nikuambie mimi, na nikuambie kwa maandishi, ili usije ukalazimika kunijibu papo hapo. Kisha akanipa ile karatasi. Nimeiweka humu ndani ya barua, iangalie mikunjo isichanike. Ukiipeleka kwenye mashine yako ya viini kumi na sita, itakupa jibu kabla hujaketi.

Sasa hali ya Baba. Tangu Jumanne haulizi kitu. Nimeizima laptopu kwa sababu aliniambia niizime, ipumzike, imefanya kazi. Chumba kimekuwa kimya na kile kimeza ni kitupu, kina alama ya mraba ambapo ubao ulikuwa. Nilifikiri jibu litampa nguvu. Badala yake ameacha kula. Anageukia ukutani, hana maumivu, hana hasira, hana anachokisubiri. Nesi amenitazama jana kwa namna ile wanayotutazama mwisho ukikaribia. Nimejaribu kumwambia ukweli mara mbili, nikafika hadi kitandani, nikashindwa, na sijui kama kushindwa huko ni huruma au ni ule ule woga wa nyuma ya mlango. Jana jioni alinishika mkono, nikadhani anataka maji. Akasema nikuandikie kwamba mambo yamekwisha, Daktari amekubali, na wewe sasa unaweza kwenda nyumbani kwake kumposa yule binti. Alisema hata kesho.

Sikumjibu kwamba binti ana watoto watatu wakubwa. Nilimwambia nitakuandikia. Ndiyo nimekuandikia.

Kwa hiyo mashine iache huko, njoo wewe. Chukua ndege ya kwanza utakayoipata. Baba akikusikia mlangoni huenda akageuka kutoka ukutani, na kama unaona anastahili kuambiwa, utamwambia wewe, mimi sina tena haki ya kuchagua. Mimi nitakuwa nimeacha mlango wazi. Ukitaka kunipita bila kunisalimia, nipite, yeye yuko chumba cha mbele.

Nesi anakusalimu, na fundi wa kompyuta pia, anauliza kama jedwali lako anaweza kulibandika dukani. Jifunike vizuri safarini. Mola akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Kidole